Kuvua samoni na trauti wa baharini kwenye mto wa furiko, Mayo: hatua kwa hatua

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga, mgeni hapa magharibi ya Ireland, alinipigia simu akiwa ukingoni mwa mto. "Kaka, natupa tangu alfajiri, hakuna hata aliyekuja kunusa." Nikamuuliza maji yakoje. "Mazuri kabisa, mawe yote ya chini nayaona." Nikamwambia akunje ufito wake arudi nyumbani, siku ikifika nitamwita mwenyewe. Siku ya nne mvua ilipiga usiku kucha. Nikamwita, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshika samoni wa kilo mbili na kitu, chawa wa baharini wangali wameganda karibu na mkia wake. Chawa hao hudondoka siku chache tu baada ya samaki kuingia maji baridi, kwa hiyo huyo alikuwa ametoka baharini karibuni tu. Nayaandika hapa niliyomwelekeza, maana wenzetu wengine wameanza kuuliza.

Mito ninayoizungumzia ni mifupi, inashuka kutoka milimani moja kwa moja hadi baharini: Bunowen pale Louisburgh, Erriff inayomwagika kwenye hori la Killary, Owenduff ya Ballycroy, na Owenea kule Donegal. Bila mvua ni mawe na vijito. Mvua ikinyesha inajaa kwa saa chache, na kesho yake imekwisha.

Hatua ya 1: Leseni

Samoni na trauti wa baharini hawavuliwi bila leseni ya serikali. Inanunuliwa mtandaoni au kwenye duka la zana za uvuvi, nawe unapewa daftari la kumbukumbu na lebo za kufunga samaki. Leseni haikupi haki ya kusimama ukingoni; hicho ni kibali kingine, cha mwenye mto au cha klabu. Tena kila mwaka serikali hupanga upya mito: upi unaruhusiwa kuchukua samaki, upi ni wa kuvua na kuachia, upi umefungwa kabisa. Tazama orodha ya mwaka huu ya Inland Fisheries Ireland, shirika la serikali la uvuvi wa mitoni na maziwani, usimsikilize aliyevua hapo mwaka juzi.

Hatua ya 2: Zana

Ufito wa futi 10 wa kushika kwa mkono mmoja, namba 7 (ndiyo namba ya uzito wa mshipi), na mshipi unaoelea. Watakuonyesha fito ndefu za mikono miwili. Waachie wenye mito mikubwa. Mwishoni funga nailoni inayohimili ratili 10, au 12 maji yakiwa mengi. Mimi sitii minyoo wala chambo cha chuma kinachozunguka. Samoni akishaingia mtoni hali tena, unachofanya ni kumchokoza, na nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya, anamchokoza vizuri zaidi huku akimwacha na jeraha dogo.

Ukiniambia nichague nzi mmoja wa msimu mzima, nachukua Cascade namba 10 (namba ya ukubwa wa ndoana). Wa pili ni Bibio, aliyebuniwa hapa hapa Mayo, Burrishoole. Wengine mia walioko dukani wananasa wavuvi kwanza.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo palipo na kazi yote, kwa hiyo nitakaa.

Msimu wangu wa kwanza nilikwenda mtoni mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo nilikosea saa. Asubuhi moja nilitoka zamu ya usiku, mvua imenyesha sana, nikaendesha gari saa nzima bila kulala. Nikakuta mto umejaa pomoni, mweusi, umebeba majani na matawi. Nikangoja saa mbili, nikachoka, nikarudi kulala. Kesho yake nikaenda tena: maji yamekwisha, mawe yako juu. Mzee mmoja anayekaa karibu na daraja akaniuliza, "Jana saa kumi jioni ulikuwa wapi?" Nilikuwa kitandani. Hiyo ndiyo saa niliyokuwa naitafuta tangu Juni.

Mambo yanakwenda hivi. Samoni wanasubiri mdomoni mwa mto, baharini. Mto ukipanda wanasikia maji mapya na kuanza kuingia. Maji yakiwa kileleni, samaki yuko safarini na hasimami, na nzi wako hamwoni kwa uchafu. Maji yakianza kushuka, anatafuta mahali pa kupumzika, mara nyingi kwenye mkia wa kilindi, yaani mwisho wake wa chini, au nyuma ya jiwe kubwa. Anapotulia hapo ndipo anaposhika. Kwenye mto mdogo nafasi hiyo inaweza kuwa saa sita tu.

Utaijuaje? Kwa rangi kwanza. Maji ya huku yanapita kwenye udongo mweusi wa kinamasi, piti, kwa hiyo hayawi meupe hata yakiwa safi. Yakiwa kama kahawa nzito, kaa kwenye gari. Yakifika rangi ya chai ya rangi, ile iliyoiva sawasawa, anza. Ingia hadi magotini utazame ncha ya buti lako: ukiiona, nyekundu-nyekundu lakini unaiona, ndiyo saa yenyewe. Yakiwa kama chai ya maziwa, huo si piti, ni udongo wa ukingo uliobomoka au wa shamba lililochimbwa juu huko, na utachukua muda zaidi kutua. Na ukiona kila jiwe chini, kama kijana wangu, umechelewa.

Pili, chagua jiwe lako. Langu liko chini ya daraja, upande wa kushoto, lina kovu jeupe. Maji yakifunika kovu, bado. Kovu likianza kuchungulia, likiwa na unyevu unaong'aa pembeni, nafunga nzi. Jiwe lote likikauka, natoka. Miaka sita sasa jiwe hilo halijanidanganya, na simu imenidanganya mara nyingi.

Simu nayo ina kazi yake. Tovuti ya waterlevel.ie, ya idara ya serikali ya kazi za umma, inaonyesha vipimo vya kina cha mito mingi kwa mchoro. Unachotafuta ni bega la mchoro, pale mstari unapomaliza kupanda na kuanza kuteremka. Mto wako ukiwa hauna kipimo, tazama wa jirani, ila kumbuka mto mfupi hushuka kabla ya mrefu.

Halafu kuna haya, na kila moja limenigharimu siku:

Ardhi ikiwa imekauka wiki mbili, mvua nzuri inanywewa yote na mto hautikisiki. Mvua ile ile baada ya wiki ya manyunyu inaleta furiko kamili.

Mto wenye ziwa njiani, kama Newport ulio chini ya ziwa Beltra, hushuka polepole. Hapo hata siku ya pili na ya tatu nenda.

Sisi wa pwani tunajua bamvua, bahari inapojaa sana, na maji mafu, inapojaa kidogo. Ukiona furiko limekutana na bamvua, omba ruhusa kazini.

Na maji yakiwa yanapanda, samaki wanaweza kushika kwa nusu saa ya kwanza, kisha kimya. Nusu saa hiyo imewapendeza wengi hadi wakasahau kutazama nyuma. Usivuke kwenda kisiwani maji yakipanda. Ukiona nyasi na majani yameanza kupita, toka nje wakati huo huo, hata kama samaki anaruka mbele yako.

Hatua ya 4: Kutupa

Anzia kichwa cha kilindi, tupa kwa mshazari kuelekea chini, acha nzi avuke mto mwenyewe, piga hatua mbili, rudia. Kilindi kikiwa kimetulia na upepo unavuma kupanda mto, anzia chini, rudi nyuma kuelekea juu huku ukivuta mshipi.

Hatua ya 5: Anaposhika

Usinyanyue ufito! Wewe uliyezoea kunyakua changu kwa mshipi wa mkono, jizuie. Samoni humchukua nzi kisha anageuka, na kule kugeuka ndiko kunakomchoma. Subiri mpaka usikie uzito umetulia, ndipo uinue.

Hatua ya 6: Trauti wa usiku

Maji yakishakwisha, bado kuna trauti wa baharini, nao hushika gizani. Jua la Juni hapa linazama saa nne usiku, kwa hiyo pumzika kwanza. Bibio namba 12, nailoni nyembamba, hakuna tochi juu ya maji, hakuna kukanyaga mawe kwa kishindo. Ninawaachia wote. Mwaka 1989 trauti hawa waliporomoka katika mito ya pwani hii ya magharibi, na ipo mito ambayo hadi leo haijarudi ilivyokuwa. Kumwona mmoja aking'aa kama fedha mpya kwenye wavu kunanitosha.

Hatua ya 7: Kuachia, au kuchukua

Ndoana moja isiyo na kijino, wavu usio na mafundo, mikono iliyolowa. Mshike ndani ya maji, kichwa kikielekea juu ya mto, mpaka aondoke mwenyewe. Ukichukua kwenye mto unaoruhusiwa, funga lebo palepale kabla ya kupiga picha, kisha andika kwenye daftari. Trauti aliyezidi sentimita 40 anahesabiwa kama samoni, na jumla kwa mwaka ina kikomo. Daftari linarudishwa msimu ukiisha hata kama kurasa ni tupu.

La kijana wangu tayari lina mstari mmoja. Utabiri unasema mvua Jumatano usiku, nimeshamwambia aombe ruhusa kazini Alhamisi.