Jinsi ya kupima kasi ya programu ya video kukuzoea

Kila mtu analalamika kwamba programu ya video "imemjua upesi mno". Muulize upesi kiasi gani, anabaki kukukodolea macho. Kumbe hesabu yenyewe si ngumu: akaunti mbili mpya, jedwali, na uvumilivu wa kutazama usichokipenda.

Moja ni ya jaribio, nyingine ya kulinganishia. Zifungue siku moja, kila moja kwenye kivinjari chake kisicho na historia. Zikiomba kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, kataa, la sivyo mfumo utakukisia kupitia jamaa zako. Chagua mada usiyoijali na isiyovuma. Mimi hutumia ukarabati wa saa za ukutani. Mpira haufai kabisa. Utaletewa hata usipouomba.

Kwanza pitia video 40 katika kila akaunti bila kubagua, uhesabu ngapi ni za saa. Zikikosekana, tafuta neno hilo mara moja katika akaunti zote mbili, ili tofauti itakayojitokeza itokane na muda wa kutazama tu. Kisha kwenye akaunti ya jaribio, kila video ya saa itazame hadi mwisho, na nyinginezo uzipite baada ya sekunde 2. Katika ile nyingine, kila video ipe sekunde zilezile 2, hata ikiwa ya saa. Usibonyeze alama ya kupenda wala usifuate mtu.

Andika idadi kwa kila fungu la video 20. Tuseme umepata 0, 1, 4, 9, 10, 10. Kilele ni 10, nusu yake ni 5, na umeivuka katika fungu la nne. Hiyo ndiyo kasi yako: kama video 80. Toa kwanza zile zilizojitokeza kwenye akaunti ya kulinganishia.

Hesabu video kwanza, lakini muda uliopita nao uandike. Mwaka 2022 wahandisi wa ByteDance, kampuni iliyounda TikTok, walieleza mfumo wao wa mapendekezo uitwao Monolith, ambao sehemu ya modeli yake husasishwa kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo rudia jaribio kwa akaunti nyingine, ila katikati yake pumzika saa nzima. Idadi ikiruka ukirudi, ushahidi ulishatosha. Mfumo ulikuwa bado haujaumeza.

Wengi huishia hapo, nami naona wameacha nusu ya kazi. Pima pia mfumo unavyosahau: anza kuzipita video za saa, uhesabu mafungu hadi zishuke chini ya nusu ya kilele. Vitufe vya kukataa vipime kando, kimoja kwa kila akaunti. Utafiti wa 2022 wa Mozilla, shirika la kivinjari cha Firefox, kuhusu YouTube ulikuta kitufe cha "sivutiwi" kinazuia takriban 11% tu ya mapendekezo yasiyotakiwa, na kile cha kukataa chaneli nzima 43%.

Kila unaporudia, fungua akaunti mpya. Kufuta historia hakukuhakikishii kwamba umerudi sifuri.