Supakaa ya injini katikati kwenye Automation, bila kuzunguka kama pia

Wengi wakifungua Automation, gemu ya kompyuta ya kubuni magari na injini zake, wanakimbilia injini, mtu anapiga V12 (silinda kumi na mbili), matabo mawili (vifaa vya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), hosipawa elfu, halafu akirudi kwenye bodi injini haiingii. Mi mwenyewe nishapoteza Jumamosi nzima hivyo hivyo. Kwa hiyo anza na bodi, chagua yenye pua fupi na kioo cha mbele kilicholala, injini iweke katikati, yaani nyuma ya siti ila mbele ya ekseli ya nyuma, ndo uone umebakiwa na nafasi kiasi gani.

Kama nafasi ni finyu ilaze kwa ubavu, yaani ielekee kushoto na kulia badala ya mbele na nyuma. Si ujanja wa gemu huo, Lamborghini Miura ya 1966 ilikuwa na V12 imelala kwa ubavu nyuma ya dereva. Mi gari yangu naiita Kipanga, ni ya mwaka 1988, nikachukua V8 ya lita 3 yenye tabo mbili nikailaza kwa urefu. Chasisi fremu ya mabomba, bodi faibaglasi. Kaboni tupu ningeweza kuilazimisha ila naona inaharibu hadithi, maana McLaren F1 yenye chasisi ya kaboni ilikuja 1992.

Kwenye injini usihangaike na hosipawa za juu, angalia grafu ya toki, yaani nguvu ya kuzungusha. Tabo likiwa kubwa mno linachelewa kuamka, unakanyaga mafuta hola, hola, halafu ghafla nguvu yote inashuka kwa mpigo mmoja na wewe uko katikati ya kona. Punguza saizi ya tabo, punguza busti (presha ya tabo), utapoteza farasi kadhaa ila gari linaendesheka. Gemu ikikuambia injini inanoki, yaani mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda, shusha kompresheni (kiasi hewa na mafuta vinavyobanwa) au rudisha taiming ya cheche nyuma kidogo, na pistoni au koniroda zikilalamika shusha redilaini (kikomo cha mizunguko ya injini) kabla hujanunua za bei mbaya.

Sasa tairi, hapa ndo watu wanaferi. Uzito mwingi uko nyuma, ukiweka tairi sawa mbele na nyuma mkia utakupita. Ferrari F40 ilivaa tairi za upana wa 245 mbele na 335 nyuma, tofauti ya milimita 90! Kipanga mi nimeipa 225 na 285. Halafu kaza stabilaiza (chuma kinachozuia gari kuinama kwenye kona) ya mbele, ya nyuma ilegeze, rudi kwenye grafu ya usukani uone, mpaka gari lianze kukataa kona kwa mbele kabla ya nyuma kuteleza. Wanaosema hiyo inaboa waache waseme, gari likikataa kona kwa mbele unaachia mafuta kidogo na linarudi, mkia ukishatoka huna muda wa kufikiri.

Breki za mbele bado ziwe kubwa kuliko za nyuma, maana ukishika breki uzito unakimbilia mbele. Upozaji weka wa kutosha tu, ukizidisha unajiongezea upinzani wa upepo bure. Taa, matundu ya ubavuni na spoila fanya mwisho, huko utakesha mwenyewe bila kuambiwa.

Ukimaliza itume BeamNG, gemu nyingine ya kuendesha magari, ingia kona ndefu na spidi, kisha achia mafuta ghafla. Kipanga mara ya kwanza ilizunguka mara mbili ikaenda kulala mtaroni, nikarudi kulegeza stabilaiza ya nyuma, sasa inatikisa mkia tu halafu inanyooka.