Nota halali Nairobi, kosa Toronto: hakimiliki kwa wanakwaya na wazazi walio ughaibuni

Ukifundisha kwaya ya Kiswahili ughaibuni, au mwanao akisoma piano, simu yako hujaa PDF za nota. Moja imetoka kwa mwalimu wa kwaya Moshi, nyingine kwa binamu Nairobi, nyingine umepakua mwenyewe IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni. Kabla hujatoa kopi arobaini, jiulize: niko nchi gani? Sheria inayokubana ni ya mahali ulipo unapopakua na kutoa kopi. Maktaba yenyewe iwe imewekwa Kanada, pasipoti yako iwe ya Tanzania, hilo halibadilishi kitu.

Kenya na Tanzania humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Uingereza na Umoja wa Ulaya, miaka 70. Kanada nayo ilikuwa 50 hadi Desemba 30, 2022, ikahamia 70 bila kurudi nyuma, kwa hiyo kazi za waliofariki kufikia mwisho wa 1971 zilibaki huru, yaani hazilindwi tena. Marekani ina hesabu yake: kazi za zamani huhesabiwa miaka 95 tangu zilipochapishwa, hata kama mtunzi alizikwa zamani.

Ndipo mambo yanapopishana. Shostakovich, mtunzi wa Urusi, alifariki 1975. Nairobi na Dar es Salaam ulinzi wake uliisha mwisho wa 2025; Toronto na Berlin utadumu hadi mwisho wa 2045. Binamu yako hajakosea kuzipakua nota zake, ila wewe wa Toronto ukizichapa umeingia kwenye sheria nyingine. Stravinsky, aliyefariki 1971, ni huru Kanada lakini Ulaya analindwa hadi mwisho wa 2041. Marekani nako, Rhapsody ya Rachmaninoff juu ya wimbo wa Paganini, ya mwaka 1934, inalindwa hadi mwisho wa 2029, ilhali Ulaya mtunzi huyo amekuwa huru tangu 2014.

Tofauti hizi ziliwahi kuifunga maktaba nzima. Oktoba 2007 IMSLP ilizimwa baada ya barua ya mawakili wa Universal Edition, wachapishaji wa Vienna, waliolalamika kwamba kazi zilizo huru Kanada zinapakuliwa na watu wa Ulaya ambako bado zinalindwa. Ilirudi Juni 30, 2008. Mpaka leo, onyo linalotokea kabla ya kupakua linakuachia wewe jukumu la kujua sheria ya nchi yako. Lisome, usilipite tu.

Kosa ninalolikuta zaidi kwenye kwaya zetu ni hili: "Bach alikufa 1750, kwa hiyo kitabu hiki ni bure." Bach ni huru, kitabu huenda si huru. Uingereza mpangilio wa kurasa zilizochapishwa hulindwa miaka 25, na Ujerumani toleo la kitaalamu lililofanyiwa utafiti pia miaka 25. Kwa hiyo tafuta toleo la karne ya 19 lililopigwa skani, au nota zilizoandikwa upya na watu waliojitolea, kama zile za CPDL, maktaba ya nyimbo za kwaya. Angalia pia mfasiri. "Haleluya" ya Handel ni mali ya umma, lakini maneno ya Kiswahili yana mwenyewe, na miaka yake huhesabiwa tangu kifo chake yeye.

Walio Ujerumani wasikilize zaidi. Kifungu cha 53 cha sheria ya hakimiliki ya huko kinakataza kutoa kopi ya nota zinazolindwa bila ruhusa, hata kwa matumizi yako ya nyumbani. Zipo nafuu chache, kwa mfano kitabu kilichokosekana sokoni kwa angalau miaka miwili. Ila kunakili kwa mkono kumeachwa wazi. Sisi tuliojifunza sauti zetu kwa sol-fa ubaoni, kila mtu akinakili kwenye daftari lake, kazi hiyo tunaiweza, na kwa uzoefu wangu anayenakili besi yake kwa kalamu huishika mapema kuliko anayeshikishwa karatasi. Kwaya ikihitaji kopi nyingi, parokia iulize kama ina mkataba na VG Musikedition, shirika linalotoa vibali hivyo.

Kuwa na nota halali si ruhusa ya tamasha. Ukiimba hadharani wimbo unaolindwa, kuna GEMA Ujerumani na PRS Uingereza, mashirika yanayokusanya malipo ya watunzi. Muulize mwenye ukumbi mapema nani anatoa taarifa na nani analipa.

Tusiwasahau watunzi wetu wenyewe. Kenya imo katika Mkataba wa Berne tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, kwa hiyo wimbo uliotungwa Mwanza unalindwa hata Minneapolis. Inaniuma kuona tunamwogopa mchapishaji wa Ulaya huku wimbo wa mwalimu wetu tukiutoa kopi, tukiurekodi na kuuza, jina lake limekatwa juu ya karatasi. Mtunzi huyo mara nyingi yuko hai na namba yake unaweza kuipata kwa kuuliza watu wawili. Mtumie ujumbe, mweleze kopi ngapi na za shughuli gani, mkubaliane kiasi, na jibu lake litunze pamoja na nota.