Kuacha maziwa ya ng'ombe bila kudhoofika

Mimi niliacha kwa sababu ya ndama: dume wa ng'ombe wa maziwa huondolewa mapema, maana anachonyonya ni fedha. Ukiacha nawe, usitegemee tui la nazi. Kwenye uji ni tamu kweli, ila lina mafuta mengi yanayoganda na kalsiamu kidogo mno. Tengeneza maziwa ya soya: loweka usiku kucha, saga, chuja, kisha chemsha dakika 20 ukikoroga, yasifurike. Protini yake inakaribia ya ng'ombe. Kalsiamu itafute kwenye sukuma wiki. Ya mchicha hufungwa na oksaleti, kemikali ya mmea inayozuia mwili kuifyonza. Vitamini B12 haimo kwenye mimea, nunua vidonge, usingoje upungufu wake ukutie ganzi miguuni. Na mtoto mchanga, tafadhali, usimpe soya ya nyumbani badala ya ziwa la mama.