Mbio za klabu Dodoma: saa, upepo na mbigili

Klabu changa ya baiskeli isianze na mbio za kundi. Barabara ya Morogoro ina malori na mabasi mengi, kwa hiyo shindaneni na saa: kila mmoja anaachiwa peke yake, kwa kupishana dakika 1, na hairuhusiwi kujificha upepo nyuma ya mwenzako. Kilomita 10 kuelekea Chamwino na 10 za kurudi zinatosha. Kiangazi upepo huvuma zaidi kutoka mashariki, hivyo kwenda ndiko kugumu; mwanzoni jizuieni. Pa kugeuzia simamisheni watu 2 wenye vizibao vinavyong'aa. Waarifuni mapema polisi wa usalama barabarani, na wa kwanza aondoke saa 1:00 asubuhi, jua likiwa bado la upole.

Kinachoharibu siku ni pancha. Mbigili hutapakaa pembeni ya lami, basi baiskeli zibebwe, zisikokotwe vumbini. Ukitoboka, usikimbilie kiraka. Pitisha kitambaa ndani ya tairi hadi kinase, ung'oe mwiba. Ukibaki, hata tyubu mpya itatoboka palepale. Kwangua tyubu kwa msasa, paka solusheni (gundi ya viraka) nyembamba, subiri kama dakika 5 hadi isinate kidoleni, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Kiraka kilichowekwa solusheni ikiwa mbichi hubanduka lami ikipata moto.

Kila mwanachama achangie tyubu 1 kwenye sanduku la klabu. Wageni wapewe kwanza, maana wengi huja bila hata pampu.