Kuwaona panda Chengdu: mwongozo kwa anayetokea Guangzhou

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaofuata mzigo Guangzhou hurudi nyumbani bila kumwona panda, ingawa Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan, ni mwendo wa saa mbili na nusu tu kwa ndege, na kiingilio cha kituo kikuu cha kuzalisha panda ni yuan 55. Wanaokwenda nao mara nyingi huangushwa na saa: wanafika adhuhuri, panda wamelala, wanapiga picha za migongo. Ukifika asubuhi na mapema, tena siku isiyo na joto, utaona mengine kabisa.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Panda ni mnyama wa milima yenye ubaridi, na manyoya yake ni mazito. Joto likipita nyuzi 26 hivi, wahudumu humwingiza ndani kwenye kiyoyozi, nawe utabaki kusukumana mbele ya kioo. Kwa hiyo Julai na Agosti si miezi mizuri, ila kwa anayetaka vitoto. Majike huzaa zaidi kati ya Julai na Septemba, na kitoto huzaliwa na gramu 100 hivi, rangi ya waridi, bila manyoya ya kuonekana.

Maonyesho ya biashara ya Canton, yaani ya Guangzhou, huanza 15 Aprili na 15 Oktoba. Miezi hiyo hiyo hali ya hewa ya Chengdu huwafaa panda, basi ongeza siku mbili kwenye safari yako ya mzigo. Epuka 1 hadi 7 Oktoba na siku za kwanza za Mei. Hizo ni sikukuu, na Wachina wenyewe husafiri kwa mamilioni.

Hatua ya 2: Kata tiketi kabla ya kuondoka Guangzhou

Usitegemee kununua getini. Tiketi hukatwa kwa simu, kwa jina na namba ya pasipoti, kupitia ukurasa wa kituo chenyewe kwenye WeChat (programu ya Wachina ya ujumbe na malipo) au programu za safari kama Trip.com. Chagua zamu ya asubuhi, kwa sababu zamu ya mchana ina tiketi yake.

Kosa la kawaida ni jina. Sisi wenye majina matatu huandika mawili, au tunageuza mpangilio. Andika kama lilivyo kwenye pasipoti, jina la ukoo mahali pake, kisha hakiki namba herufi kwa herufi. Getini utaombwa pasipoti halisi, kwa hiyo usiende na picha yake kwenye simu.

Unganisha kadi yako ya benki na Alipay (programu nyingine ya malipo) au WeChat mapema. Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa mara moja hayakatwi ada, yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Beba pia noti ndogo ndogo za yuan, simu ikizima zitakufaa.

Pawabenki, betri ya kuchajia simu, nayo iangalie. Tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani za China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China. Uliyonunua Kariakoo au River Road huenda haina alama hiyo, na itabaki kwenye ukaguzi.

Hatua ya 3: Fika mlango unapofunguliwa

Tiketi itaandika 07:30, yaani saa moja na nusu asubuhi kwa saa zetu. Panda treni ya chini ya ardhi, laini ya 3, ushuke kituo cha Xiongmao Dadao. Kutoka hapo bado kuna kilomita chache, chukua basi la watalii au teksi. Mwonyeshe dereva maandishi haya: 成都大熊猫繁育研究基地. Mwambie pia mlango. Kituo kina mlango wa kusini na wa magharibi, na viko mbali. Wa kusini, 南门, ndio wa sehemu ya zamani yenye miti mikubwa na vivuli, na kwa mgeni wa mara ya kwanza ndio bora.

Hatua ya 4: Ndani, nenda kwanza wanakokula

Kuanzia kufunguliwa hadi saa nne hivi ndio wakati wa mianzi. Tafuta uzio wa wakubwa na usimame mahali pamoja angalau dakika ishirini. Wageni wengi hupiga picha moja wakaondoka, na hapo ndipo wanapokosa uhondo wenyewe.

Mtazame mikono. Panda huketi kitako kama mtu, mwanzi kaushika kati ya vidole na kitu kinachofanana na gumba. Si gumba, ni mfupa wa kifundo cha mkono uliorefuka. Anaupitisha mwanzi kwenye pembe ya mdomo, ganda linachanika na kudondoka tumboni pake, kisha anavunja kiini kwa magego. Mlio wake unausikia ukiwa mbali. Tumbo lake ni la jamii ya dubu, la mnyama mla nyama, hivyo hafaidi hata moja ya tano ya anachokula. Ndiyo maana hula saa kumi na mbili au zaidi kwa siku, na muda uliobaki hulala.

Kuna panda mmoja nyota, Hehua, aliyezaliwa Julai 2020. Foleni yake inaweza kumeza asubuhi yote kwa dakika chache za kumwona. Amua mapema: ama ukimbilie kwake mlango ukifunguliwa, ama umwache.

Usipige kelele wala kugonga kioo, na usirushe chochote ndani. Kuna wageni waliofungiwa maisha kwa kurusha vyakula. Anayekuuzia ahadi ya kumbeba panda hapo mkatae, huduma hiyo haipo.

Wakubwa wakilala, nenda kwa panda wekundu. Hawa si watoto wa panda mkubwa, ni jamii yao peke yao, wakubwa kidogo kuliko paka, wenye mkia wa pete.

Hatua ya 5: Chakula, na siku ya pili

Pilipili ya Sichuan hutia ganzi ulimi. Sema "bu la", yaani isiwe kali. Mwislamu atafute maandishi 清真, ni alama ya halali.

Siku ya pili nenda Dujiangyan, nusu saa hivi kwa treni ya kasi. Huko Li Bing, gavana wa eneo hilo zamani, aliugawa mto Min mnamo 256 KK bila kujenga bwawa: ncha ya kisiwa, umbo la mdomo wa samaki, huyagawa maji mikondo miwili, na mmoja bado unamwagilia mashamba hadi leo. Stesheni usitafute tiketi ya karatasi, pasipoti ndiyo tiketi. Mageti ya kujipitisha mara nyingi hayasomi pasipoti za kigeni, hivyo panga foleni kwenye lango lenye mhudumu.