Unalala kando ya haiwei Nakuru? Hivi ndivyo utapunguza kelele kabla haijakumaliza

Kama unaishi Free Area, Section 58, Pipeline ama huko Ngata na dirisha lako linatazama haiwei, najua ushaambiwa utazoea tu. Mimi niliambiwa na jirani siku ile ile nilihamia, na baada ya kama miezi miwili nikaona ni kweli, juu trela ikipita nageuka upande ule mwingine naendelea kulala. Shida ilikuwa asubuhi. Naamka kichwa kizito, taya zinauma juu usiku kucha nimesaga meno, na moyo unadunda kama mtu ametoka kupanda ngazi na bado sijashuka kitandani. Siku moja nikapitia kemisti kupima presha, yule dada akaangalia mashine akaniuliza kama nimekuja nikikimbia. Nilikuwa nimekaa hapo kwa benchi robo saa nzima.

Kile nimekuja kuelewa ni kwamba kuzoea ni kwa akili, mwili haujazoea kitu. Ukilala sikio linaendelea na kazi, breki ya lori ikilia ubongo unaipokea kama hatari hata kama hutaamka, unatuma habari hadi kwa zile tezi ndogo zimekaa juu ya figo, na hizo zinamwaga adrenalini na kotisoli. Adrenalini inaharakisha moyo na kubana mishipa, kotisoli inaambia ini litoe sukari iingie kwa damu ndio upate nguvu ya kutoroka. Sasa unatoroka nini na uko ndani ya blanketi? Na kumbuka kotisoli inafaa iwe chini kabisa mida ya usiku wa manane, ianze kupanda kuelekea alfajiri ndio ikuamshe vizuri. Trela za kutoka Mombasa kuelekea Malaba na Busia hazijui hiyo ratiba.

Kuna utafiti ulifanywa Mainz, Ujerumani, ukatolewa 2013. Walichukua watu 75 wenye afya njema wakawachezea sauti za ndege za abiria usiku wakiwa wamelala, mara 30 usiku mmoja na mara 60 usiku mwingine, na adrenalini ikapanda, usingizi ukaharibika na mishipa ya damu ikawa haifunguki vizuri. Hao walikuwa wazima na ni usiku chache tu. Ilikuwa ndege, sio malori, lakini mtu anayesikia gia zikibadilishwa kwa matuta kila usiku kwa miaka mitatu anafaa kuangalia hiyo hesabu kwa makini.

Sasa tuanze kazi. Kabla hujanunua kitu chochote, andika usiku saba. Weka kikaratasi kando ya kitanda, kila ukiamka andika saa na nini kimekuamsha, usiangalie simu sana, ni saa tu. Mimi nilidhani shida ni trela, kumbe nusu ya kuamka kwangu ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri matatu zikianza kupiga honi kwa steji. Hiyo ni tofauti kubwa, juu usingizi mzito unakuja zaidi nusu ya kwanza ya usiku, alfajiri usingizi ni mwepesi, ukiamshwa hapo kurudi ni ngumu. Na barabara ikiwa kimya halafu lori moja lipite peke yake ndio inashtua zaidi kuliko mngurumo ule wa sare sare. Ukishajua saa zako mbaya unaweza kusogeza kulala kwako, mimi nililala saa tatu na nusu badala ya saa tano na hiyo peke yake ilinipa saa za maana kabla honi zianze.

Halafu hamisha kitanda. Hii ni bure kabisa na watu wengi hawaifanyi. Kichwa kisiwe upande wa dirisha wala kwa ukuta unaotazama barabara, na kama una vyumba viwili, lala kile cha nyuma, sebule ndio ikae mbele. Kitanda cha mtoto pia, tena hicho ndio cha kwanza.

Dirisha ndio mlango wa kelele. Simama hapo usiku lori likipita uguse kioo na kidole. Changu kilikuwa kinatetemeka, nikaangalia kwa karibu nikaona pati, ule udongo laini wa kushikilia kioo, imekauka ikaanguka upande wote wa chini, kuna nafasi kidole kidogo kinaingia, na ile fremu ya chuma imepinda haifungi hadi mwisho. Pahali hewa inapita, sauti inapita. Nilinunua pati kwa hadiwea, nikaikanda hadi ikalainika, nikajaza pande zote kwa kidole gumba, halafu kwa ile fremu nikabandika mpira wa povu wenye gundi ule wa kuzungusha milango. Chini ya mlango nikakunja blanketi kuukuu. Kelele haikuisha lakini ule mlio wa kioo kutetemeka uliisha usiku huo huo. Kuhusu pazia nzito, zinapunguza mwangwi ndani ya nyumba, lakini usitegemee zizuie lori, hazina uzito wa kutosha.

Hapa nisikilize vizuri tafadhali. Nakuru ni baridi na wengi wetu tunaingiza jiko la makaa ndani jioni. USIZIBE nyumba halafu ulale na jiko ndani, hata kama makaa yamebaki mekundu kidogo tu na hayatoi moshi. Ile gesi ya makaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko litoke nje kabla hujafunga, na zile tundu za hewa juu ya dirisha usizijaze kamwe, afadhali usikie lori. Kwa wale wa Kisumu, kufunga dirisha na lile joto haiwezekani, kwa hivyo nyinyi fungueni la upande wa nyuma, muweke neti, na feni ikae kati yenu na barabara, ule mvumo wake unafunika mishtuko midogo.

Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa kwa kemisti nyingi, na watu wanasema havifanyi kazi juu wanavibandika tu kwa mlango wa sikio. Osha mikono, sokota kizibo na vidole hadi kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma kidogo, ingiza, halafu kishike hapo na kidole kama nusu dakika kifure ndani. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kifuani, kimeingia sawa. Pamba haisaidii sana. Kama sikio linatoa maji au linauma, usiweke kitu, nenda uonekane kwanza.

Pombe ya kukusaidia kulala wacha, inakulaza haraka halafu inakuamsha ile saa matatu zinaanza. Na dawa za usingizi usinunue bila daktari. Presha ikiwa juu kila ukipima, hiyo pia ni ya daktari, usingoje.

Kuna kelele zingine zinaweza kuongeleka. Lori za haiwei huwezi kuzizuia, lakini bodaboda wa eksosi zilizotobolewa wana mwenyekiti wa steji, na sisi tulienda watu wanne mchana, kwa heshima, tukaongea naye, wakahamisha pahali wanapongojea abiria alfajiri. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za 2009 zinaweka desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa makazi usiku, na usiku kwao unaanza saa mbili, kwa hivyo baa au spika zikikukosesha usingizi una sheria ya kushika mkononi. Shirika la Afya Duniani nalo, kwa mwongozo wake wa Ulaya wa 2018, lilisema kelele ya magari usiku isizidi wastani wa desibeli 45.

Na kama unatafuta nyumba sahii, usilipe dipoziti kwa kuangalia mchana. Omba keyateka akuruhusu urudi saa nne usiku, ingia chumba cha kulala, funga dirisha, zima simu na ukae dakika ishirini bila kuongea. Angalia kama kuna matuta ama mlima karibu, juu hapo ndio malori yanapiga breki na kubadilisha gia. Uliza kama kuna chumba cha nyuma, kile kimefichwa na jengo lingine. Mimi sahii niko nyuma kwa ploti hiyo hiyo, nilingoja miezi mitano mpangaji ahame, na taya haziumi tena.